Bado Moto

Shangazi yangu ana jibu moja kwa kila kitu: bado moto. Umuulize chai, bado moto. Umuulize ataolewa tena lini, bado moto vilevile. Jibu hilo kalitoa kazini. Ni fundi wa kuchomelea kwenye machimbo ya kokoto, na mgonjwa wake mkuu ni taya la mashine ya kuvunjia mawe.

Taya hilo ni chuma cha manganizi, na chuma hicho kina visa. Sumaku haikishiki; msimamizi wetu alipojaribu alifoka kwamba kauziwa feki. Mawe yanavyokipiga ndivyo uso wake unavyozidi kukaza. Ila ukikichomelea kwa pupa kikapata moto kupita kiasi, kinakatika kama biskuti. Kwa hiyo shangazi huchomelea kipande kifupi, hugongagonga kwa nyundo, kisha huweka kiganja karibu na mshono. Kiganja kikishindwa kukaa, anakaa yeye mpaka kipoe.

Sasa fundi mitambo, tunayemwita Spana, alikuwa akimtaka shangazi tangu mimi nianze kazi pale kwenye mizani ya malori. Mume wa kwanza alimuoa harakaharaka akamwacha harakaharaka, kwa hiyo simlaumu shangazi. Lakini Spana alihamishiwa machimbo ya mbali, lori lake linaondoka jioni, na alitaka jibu kabla hajapanda. Asubuhi ya siku hiyohiyo taya likapata ufa!

Msimamizi akaja juu, malori yamejaa foleni, achomelee yote kwa mkupuo. Shangazi na mwendo wake uleule. Anachomelea, anagonga, anakaa. Jua linashuka, mimi roho juu, natamani kumtikisa. Nilipomnong'oneza kwamba mwanamume anaondoka, aliniambia nikaangalie mizani yangu.

Spana akaja na begi lake. Hakutaja safari. Aligeuza ndoo akaikalia, na kila shangazi alipopumzika, yeye ndiye aliyeweka kiganja. "Bado," anasema, wanangoja. Dereva wa lori lake akapiga honi, Spana hakunyanyuka.

Baada ya mshono wa mwisho walingoja sana. Kisha kiganja cha Spana kikatulia pale.

"Kimepoa," akasema.

Shangazi alivua kinga ya uso, akamtazama yeye, si chuma.

"Kimepoa siku nyingi," akasema. "Nenda salama. Jumamosi uje na kaka zako, mlete posa."

Nililia palepale kwenye mizani, mpaka dereva wa lori la kokoto akaniuliza kama mzigo wake umezidi.