Dumu la Ivo

Pale Suvereto, kijiji cha Italia, watu walimcheka Ivo Panicucci alipong'oa mizabibu ya baba yake akapanda merlot. Walisema ni zabibu ya wageni, itamtia aibu. Mkewe Loriana ndiye aliyecheka kuliko wote, na aliendelea kucheka mpaka mvinyo wa kwanza ulipomfika ulimini. Hapo alinyamaza, na kunyamaza si kawaida yake.

Tangu siku hiyo wakawa na desturi yao. Ivo akivuta mvinyo kutoka kwenye pipa, glasi ya kwanza humpa mkewe na kumwuliza, "Kasoro?" Sifa hakuzitaka. Loriana ana ulimi mkali kwa namna zote mbili, wa kusema na wa kuonja, basi alitafuta mpaka akaona: mara unakaza ufizi, mara unanuka mbao kama kabati jipya. Ivo alibisha, naye alibisha, na siku yao ilianzia hapo. Hata mtoto wao wa pekee, Marusca, alipohamia mji wa Torino, walibaki wawili shambani na hawakuhisi upungufu.

Ivo alifariki majira ya baridi, mvinyo wake wa mwisho ukiwa umeshaingia kwenye mapipa. Ziada alikuwa ameijaza mwenyewe kwenye dumu kubwa la kioo na kulifunga kwa fundo lake la ukindu. Ziada hiyo ina kazi. Mbao za pipa hunywa, mvinyo hupungua, basi kila Jumamosi mapipa hujaziwa kutoka kwenye dumu ili hewa isipate nafasi.

Loriana akajazia. Kila Jumamosi aliinamisha dumu huku akimpa marehemu habari za mvua na za nguruwe mwitu waliovamia shamba. Kisha siku moja, kiangazi kikikaribia, aliona dumu limefika nusu, na mikono ikamgoma. Alichobakiwa nacho cha Ivo kilikuwa humo. Kuendelea kumimina aliona ni kummaliza. Akalifunga kwa fundo lile lile, kama Ivo alivyolifunga, akalisukuma pembeni, na mapipa akawa anayajazia kwa mvinyo wa kuomba kwa jirani yake Nedo. Dumu aliliweka akiba: Marusca akija wataonja pamoja, mtu na mamake, na yeye atataja kasoro.

Marusca hakuja kiangazi. Hakuja wakati wa mavuno. "Krismasi, mama, sikosi," alisema kwenye simu, na Krismasi ilipofika kazi ikambana. Loriana alimwambia hakuna neno. Alikata simu akaketi jikoni na koti lake mwilini, maana kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja aliona ni ujinga.

Februari Nedo alikuja kumsaidia kuonja mapipa kabla ya mvinyo kutiwa chupani. Yeye na Ivo walikua pamoja. Mvinyo ulitoka mweusi, laini, wenye ladha ya plamu na moshi kwa mbali. Nedo alikunywa kwanza, ndipo akampa Loriana glasi, wala hakumwuliza kitu.

"Umekaa vizuri, shemeji. Ivo angejigamba mpaka tumkimbie."

"Angejigamba kwako. Kwangu asingethubutu."

Nedo alicheka, kisha macho yake yakatua pembeni. "Na lile dumu?"

"Liache."

"Lina nusu lile. Tangu lini?"

"Tangu kiangazi. Namngoja Marusca."

Nedo alivua kofia, akaivaa tena. "Hebu lifungue, shemeji," alisema taratibu.

Fundo lilimchukua muda. Harufu ilitoka kabla glasi haijasogezwa, kali, ya kuchoma pua. Ilikuwa siki tupu. Pale kwao hata mtoto wa chekechea anajua kuwa chombo kisichojaa huharibu mvinyo, na Loriana amegombeza watu maisha yake yote kwa kosa hilo hilo.

"Nilikuwa najua, Nedo," alisema. "Kila nilipopita hapa nilijua. Sikuweza tu."

"Si ungeniita? Tungeuhamishia kwenye chupa ndogo, yakaisha."

"Ungefungua fundo lake."

"Mke wangu amepika maharage," Nedo alisema. "Twende ukale." Loriana akasema siku nyingine.

Alipobaki peke yake alichota siki kwenye bakuli, akaipeleka jikoni na kuimimina juu ya majani machungu aliyochuma asubuhi, pamoja na mafuta ya zeituni na chumvi. Alikaa mezani upande wake wa siku zote. Alikula taratibu, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

"Kali mno, Ivo," alisema. "Imezidi."

Akaweka uma chini, akangoja abishiwe.