Mbuzi Aliyemuumbua Msomi

Mama yangu ni dobi, na silisemi hilo kwa unyonge. Mpe lundo la mashati meupe ya watu mbalimbali, yote yamenunuliwa duka moja, atalirudisha kila moja kwa mwenyewe bila kubabaika. Hili kola yake imelika upande mmoja, lile kifungo cha chini kilishonwa na mtu mwenye haraka, lile jingine lina doa la wino ambalo mwenyewe anadhani limetoka. Nguo ikishapita mikononi mwake mara moja, akiiona tena anaitambua. Lakini jina lake mwenyewe likiandikwa kwenye karatasi, mpaka juzijuzi hapa, alikuwa analitazama na kukurudishia karatasi yako.

Ndivyo alivyogeuka mateka wa mdogo wake. Huyo ni mjomba wangu, muuza nyama, na buchani kwake wanamwita Msomi kwa sababu ya miwani inayokaa mfukoni mwa shati mchana kutwa. Ikija karatasi yoyote nyumbani, tangazo la kukatika maji, maelezo ya dawa, kadi ya mwaliko, Mama aliikunja na kumngojea. Mjomba anakuja, anavaa miwani, anakohoa, anaigeuza karatasi huku na huku, halafu anasema humu ndani kuna giza, ngoja nikaisomee kwenye mwanga. Anatoka. Akirudi ana habari yote kichwani, na nyongeza juu. Ujira wake ulikuwa kufuliwa na kupigiwa pasi mashati yote aliyonayo, na muuza nyama huyo, nawaambia, anabadilisha mashati kuliko bwana harusi.

Mimi nimesoma mpaka nikamaliza shule, na nilikuwepo humo humo ndani. Lakini nikinyoosha mkono kuichukua karatasi, Mama ananizuia, eti mjomba wako atajisikia vibaya. Damu ilikuwa inanichemka. Siku moja mjomba akatusomea kadi ya harusi na kutuelekeza ukumbi. Tukavaa tukapendeza, tukaingia, tukakuta mkutano wa wauza matairi. Mjomba akadai kadi ilichapwa vibaya. Mama hakubishana naye. Wiki iliyofuata akajiandikisha kisomo cha watu wazima.

Darasa lao liko shule ya msingi, saa ambazo watoto wameshaondoka. Watu wazima wanajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegota juu, wanaweka kidole chini ya neno na kulisoma kwa sauti, wote pamoja. Kuna mlinzi mmoja mrefu mwenye sauti nzito, kuna mama muuza mboga, na wengine kadhaa. Mwalimu wao ni binti mdogo ambaye angeweza kuwa mjukuu wa mlinzi, na hacheki nao kazini. Mama alikuwa anarudi amechoka lakini uso umechangamka. Mjomba hakufurahia hata kidogo. Kila akija kuchukua mashati yake ana neno: mara macho ya dada yangu yataharibika, mara pasi itaunguza nguo za watu huku yeye anawaza herufi.

Sasa mimi nafanya kazi kwenye ukumbi wa sinema. Nakata tiketi mlangoni, picha ikianza naingia na tochi kuwaonyesha viti waliochelewa. Tulileta filamu ya katuni, ya mbuzi ambaye fisi amemwibia kengele yake ya shingoni, naye anapanda mlima kuifuata. Wanyama wanaongea lugha ya mbali, na chini ya picha kuna maandishi ya Kiswahili. Nikamwambia Mwalimu, kwa utani tu. Mwalimu hakulichukulia kama utani. Akatangaza kwamba Jumamosi mchana darasa zima litakwenda sinema, na huo ndio mtihani.

Mjomba aliposikia, akajialika. Yeye si mwanafunzi, alisema, yeye alishamaliza mambo hayo, ila hawezi kumwacha dada yake aende gizani peke yake. Halafu hapo sebuleni, akiwa ameshika lundo la mashati yaliyonyooka, akamwekea Mama dau. Dada akiweza kusoma mstari mmoja mzima kabla haujafutika, yeye mjomba atafua na kujipigia pasi mashati yake mpaka azikwe. Asipoweza, aachane na kisomo, warudi walipokuwa, yeye asome na dada apige pasi. Nilitaka kuropoka. Mama akaniwahi, akakubali, akampa mkono. Nikateuliwa mwamuzi, na nikaapishwa nisifungue mdomo mpaka mbuzi ashuke mlimani.

Usiku huo Mama aliniambia ukweli wake. Aliniambia anaogopa. Anajua herufi zote, anajua kuziunganisha, lakini ni mwendo wa kinyonga, na akishindwa mbele ya mdogo wake hatakuwa na uso wa kuwatazama wenzake wa darasani. Neno ni neno, alisema, na mkono ameshatoa.

Jumamosi ukumbi ulijaa watoto wenye pakiti za bisi, na katikati yao mstari wa watu wazima waliovaa nguo za heshima. Mlinzi alivua kofia kana kwamba ameingia kanisani. Mjomba alikaa ubavuni mwa Mama, miwani usoni tayari. Mimi nikasimama kwenye ngazi pembeni yao, tochi imezimwa.

Taa zikazimika, maandishi ya kwanza yakatokea, na darasa likafanya lile linalofanya siku zote. Vidole vikanyooka hewani kuelekea kwenye pazia la picha, na wote kwa pamoja wakaanza kusoma kwa sauti. Mlinzi alikuwa anaunguruma kama gari la mizigo. Hawajamaliza neno la kwanza, mstari umekwenda na mwingine umekuja. Watoto wakageuka kuwatazama. Kitoto kimoja cha kike kikamwambia mlinzi, babu, hapa watu hawaongei. Mwalimu akawaomba wasomee moyoni, ukumbi ukatulia.

Hapo ndipo mjomba alipopata nafasi yake. Akainama kwenye sikio la Mama na kuanza kumsomea. Mbuzi akifungua mdomo, mjomba anasoma. Fisi akijibu, mjomba anasoma, na sauti ya fisi anaiweka. Ila mimi picha ile nilikuwa nimeiona wiki nzima, asubuhi na jioni, naijua kama njia ya kwetu. Na hakuna hata neno moja katika aliyoyasema mjomba lililokuwa limeandikwa pale. Hata moja! Fisi anasema kengele ni yangu, mjomba anasema fisi anaulizia bei ya utumbo. Kobe anaonyesha njia, mjomba anasema kobe analalamikia mkwe wake. Mwanzoni nilidhani anamtania Mama. Halafu nikamwangalia vizuri. Alikuwa anatoka jasho, na macho yake hayakuwa kwenye maandishi kabisa, yalikuwa kwenye midomo ya wanyama. Nikaelewa. Nikauma ulimi, maana nilikuwa nimekula kiapo.

Na ubaya wake, yale ya mjomba yalikuwa matamu kuliko picha yenyewe. Watoto wa mstari wa nyuma waliacha kutazama juu wakawa wanaegemea kiti chake wasikie. Muuza mboga alicheka mpaka bisi zikamwagika. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso, kidole kimelala juu ya goti kinafuata maandishi, midomo inacheza, na kila mara mstari unamponyoka akiwa nusu. Nilimwona akikitoa kile kidole na kukiweka kwenye mkoba. Nilisema moyoni basi, yameisha, tumerudi kwenye mashati.

Lakini yule mbuzi ana tabia moja. Kila anayemwambia arudi nyumbani, anakita kwato zake chini na kujibu kitu kile kile. Kobe alimwambia arudi. Mbuzi akakita kwato, akajibu, maandishi yakatoka, na mjomba akasoma kwamba mbuzi anasema ana njaa, hajala tangu asubuhi. Mbele kidogo bundi akamwambia arudi. Mbuzi akakita kwato, maandishi yakatoka. Mjomba akasoma kwamba mbuzi anamwambia bundi aende akaoge.

Nikamwona Mama anainua shingo. Nimemwona akiinua shingo vile mara nyingi, akiwa juu ya beseni, shati la mtu linaporudi. Alikitoa kidole kwenye mkoba.

Picha ikaenda, mvua ikanyesha mlimani, daraja likakatika, na sungura mmoja mwoga akamlilia mbuzi arudi. Mbuzi akakita kwato. Maandishi yakatoka, na mjomba, kwa sauti ya huzuni, akasoma kwamba mbuzi anamkumbuka marehemu mama yake.

"Mdogo wangu," Mama akasema, wala hakunong'ona. "Haya maandishi ni yale yale. Yamekuja mara ya tatu. Mbona wewe kila yakija unasoma mengine?"

Mjomba akakohoa. Akavua miwani, akaifuta, akasema humu ndani kuna giza. Akanyanyuka nusu, akatazama kulia na kushoto, na hakukuwa na mahali pa kwenda. Akakaa.

Mbuzi alifika kileleni. Fisi akatoka pangoni na kengele shingoni, akamcheka, akamwambia arudi alikotoka. Darasa zima sasa lilikuwa linamtazama Mama badala ya pazia. Mbuzi akakita kwato zake, na Mama akasimama. Alisimama wima katikati ya watoto, kidole hewani, na akausoma mstari ule kwa sauti ya kuita mteja ng'ambo ya barabara.

"Sirudi bila kengele yangu."

Mstari ulikuwa bado upo pale. Mlinzi akaurudia, muuza mboga akaurudia, na watoto, ambao wakipata nafasi ya kupiga kelele hawaiachi, wakaudaka, ukumbi mzima ukaitika. Meneja wangu alichungulia mlangoni, nikammulika tochi machoni mpaka akarudi zake. Mimi nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

Taa zilipowaka, mjomba alikuwa amebaki kitini. Mama naye akabaki, wengine wakatoka. Nilijidai naokota makaratasi ya bisi ili nisikie. Mama alimuuliza jambo moja tu, kwa upole: huko kwenye mwanga alikokuwa anakwenda kusomea, ni wapi?

"Kwa kinyozi wa pale kona," mjomba akasema. "Ananisomea, mimi nashika kichwani. Naona aibu, dada. Watu wameshaniita Msomi, ningewaambiaje? Na wewe ukishajua kusoma, mimi utanihitaji kwa lipi?"

Mama akauliza, na ile siku ya harusi? Mjomba akainamisha kichwa. Siku ile, akasema, kinyozi alikuwa amefunga.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika kiti cha mbele, akajifuta machozi kwa kanga, akaanza upya. Mjomba alianza kucheka naye kwa woga, kama mtu anayejaribu kina cha maji. Alidhani yamekwisha. Mama akamwambia mashati atayapiga pasi mwenyewe, mkono ulishatolewa na mwamuzi yupo. Kisha akamwambia kwamba Jumatatu atamwekea nafasi kwenye dawati lake.

Shati la kwanza mjomba alilipiga kwa pasi ya moto mno, na alama yake ipo mgongoni mpaka leo. Buchani wanadhani ni mtindo. Jumatatu alikuja nalo darasani, miwani usoni, akajibana pembeni ya Mama, magoti kidevuni. Nilikwenda kuchungulia dirishani, nisingelikosa hilo kwa lolote. Mwalimu akampa kadi yenye neno moja fupi na kumwomba ajaribu. Mjomba akaipokea, akakohoa, akaigeuza huku na huku, kisha nikaona jicho lake linaukimbilia mlango na mguu mmoja unachomoka chini ya dawati.

Mama akamshika mkono wa shati.

"Kaa," akamwambia. "Hapa kuna mwanga wa kutosha."

Akakichukua kidole cha mdogo wake na kukiweka chini ya herufi ya kwanza.