Kitenge cha Kumpokea Afisa

Nakumbuka asubuhi moja hapa Hallunda, theluji ikiyeyuka, jirani yangu Zaituni alipokuwa akimhamishia mama yake kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alipewa chumba chake mwenyewe, na wauguzi usiku na mchana. Mwanangu, nilimwonea wivu hadi chai ikanishinda. Mimi nilifika Sweden kabla yake, nimelipa kodi kabla yake, na mama yangu alikuwa ameanguka tena bafuni nikiwa kazini. Kwa nini wake atangulie?

Nasi tukaomba chumba kama hicho. Komuni, yaani serikali ya mtaa, ikasema afisa atakuja kumwona mama nyumbani. Nikajiambia, leo Zaituni atatutambua. Nikapiga deki, nikapika sombe, kisamvu chetu, na samaki, nikamvika mama kitenge chake cha harusi na kilemba. Sisi watu wa Bukavu hatumpokei mgeni kwa manung'uniko. Afisa alipomuuliza kama anaweza kuoga na kupika peke yake, nami nikitafsiri, mama alijibu, "Niko na nguvu, binti yangu. Kula kwanza." Akajikaza, akasimama, akammiminia chai. Nilivimba kichwa. Afisa akala, akashukuru, akaenda. Jibu likaja kwamba mama anajiweza, abaki nyumbani.

Basi nikaenda kumwamkia mama yake Zaituni, Bibi Mwanaidi. Shikamoo yenyewe ilikuwa ya uchokozi, maana nilimsimulia tulivyompokea afisa, kisha nikamuuliza wana ndugu gani huko komuni.

"Hatuna ndugu," akasema. "Afisa alinikuta kitini nimejilowesha, nikamwacha aone. Wewe umemficha mamako ndani ya kitenge, halafu kijicho unanionea mimi? Mficha uchi hazai, mwanangu."

Nilikasirika, na zaidi kwa kuwa alisema kweli.

Tukaomba upya. Safari hii afisa alimwomba mama avae sweta mbele yake. Mikono yangu ilitaka kumsaidia, nikaikalia. Mama alihangaika na kifungo cha kwanza, akahangaika tena, kisha akanitazama. "Imenishinda," akasema.

Chumba akapata. Nilipokwenda kumtembelea nikamsikia anamwita muuguzi "binti yangu", na wivu ukanipanda upya. Sitakudanganya, haujaisha hata leo.

Mwanangu, hapa matunzo ya uzeeni hayanunuliwi kama bima ya gari, wala hayafuati nani alitangulia kulipa kodi. Komuni hutazama mzee ameshindwa nini, kisha mzee mwenyewe huchangia kwa kadiri ya kipato chake. Kwa hiyo jirani akipata, usiulize anamjua nani. Uliza alionyesha nini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini atapona vipi akificha kidonda?

Siku yangu ikifika, kitenge kiache kabatini. Mgeni mpe chai, ila mimi niache nihangaike na kifungo changu, hata kama roho itakuuma. Mungu akujalie moyo wa kuvumilia kutazama, na uzeeni akupe mtu wa kukaa kando yako.