Kasha la Kompyuta Nililolipima kwa Ukili

Mie shule niliishia darasa la pili, tena hilo la pili lenyewe nililikimbia kwa sababu ya fimbo. Lakini nikikaa na wenzangu barazani hapa Kibiti, mtu akataja kompyuta, wote wananigeukia. "Haya, fundi wa makasha, sema!" Wananicheka. Na mie nasema, sioni haya, maana kasha nimelichagua mwenyewe na kosa nimelifanya mwenyewe.

Mwanangu wa kike, wa pili kuzaliwa, alikuwa anapiga video za harusi. Ilikuwa miaka ile mambo yamefunguka, kila kitu kinaingia nchini, televisheni, jenereta, mpaka saa za ukutani zinazolia kama ndege. Daraja la Ndundu limekwisha kujengwa, magari yanakwenda kusini bila kungoja kivuko. Watu nao wakapenda video. Harusi isiyo na video wakaiona kama haijafungwa. Mwanangu akawa anaitwa Ikwiriri, Mkongo, Muhoro, mpaka visiwani huko deltani, kamera ameizungushia kanga mbili na mfuko wa nailoni juu yake isilowe.

Na mie karibu harusi zote hizo nimo, kwa sababu mie ni somo, wari wengi wa huku nimewafunda kwa mdomo wangu huu. Ukiangalia mikanda yake utaniona, nimejifunga kibwebwe, jasho linanitoka, natia watu aibu kwa kucheza.

Sasa ile mikanda ikaanza kuota ukungu. Aliiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na hewa ya huku unaijua, hata chumvi inalia maji. Siku moja akaja mama mmoja kutoka visiwani, kapanda mashua mpaka Nyamisati na kutoka hapo gari, kaja kuomba nakala ya harusi ya bintiye. Mwanangu akatia mkanda. Ikatoka michirizi, ikatoka mvua nyeupe, kanga za watu zikapita, halafu kimya. Yule mama akangoja. Akasema, "Labda mkanda unahitaji kupumzika kidogo." Akangoja tena. Mwisho akafunga buibui lake, akaaga, akaondoka. Mwanangu siku ile hakula.

Basi akaapa ataiingiza mikanda yote kwenye kompyuta kabla masika hayajaanza. Ndugu yetu mmoja wa Dar es Salaam alishampa matumbo ya kompyuta, ubao wake, nyaya zake, na diski nne. Hizo diski, kwa asiyezijua, ni vibati vizito vinavyojaa kiganja, na humo ndani ndimo zinamokaa picha. Kilichokosekana ni kasha la kuvitia vyote hivyo. Fundi wetu alikuwa Utete, mtoto wa marehemu shemeji yangu, akatutumia salamu: "Nunueni kasha lenye vyumba vinne vya diski. Vinne, msisahau." Na kwa kuwa mkanda unachezwa na kamera ndipo uingie kwenye kompyuta, na kamera ya mwanangu ilikuwa imezeeka, inatafuna mikanda, akaazima ya bwana mmoja wa Ikwiriri. Bwana akasema sawa, lakini Ijumaa ijayo arudishiwe, ana safari nayo.

Mwanangu alitaka kwenda Kariakoo peke yake. Nikamwambia, "Wewe ukiona kitu kinameta unababaika. Twende wote." Nikachukua diski moja, nikaipima.

Naipima vipi? Mie msuka mikeka. Mtu akitaka mkeka, siendi kwake na rula. Nakwenda na ukili mwembamba, ule ukindu uliosukwa, naulaza juu ya kitanda, napiga fundo penye upana, napiga fundo penye urefu, basi. Na mkeka siku zote unauzidisha kidogo kuliko kitanda. Ukipungua ni fedheha, ukizidi ni heshima. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na hakuna aliyenirudishia mkeka. Diski nayo nikaipigia mafundo yake, nikautia ukili kifuani.

Dukani tulimkuta kijana ana kijiti mdomoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka kasha la kompyuta lenye vyumba vinne."

"Vyumba vya sidii au vya diski?"

"Vya kulala diski nne, zisigombane."

Akatoa kasha la kijivu, baya, kama debe la mafuta ya taa. Akalifungua ubavu. Kweli ndani mlikuwa na vijichumba vidogo, kimoja juu ya kingine, vitano. Nikatoa ukili wangu. Yule kijana kijiti kikamdondoka.

"Bibi, ndo nini hicho?"

"Kipimo changu, wewe una chako?"

Nikapima. Fundo likagusa huku na huku, hapapiti hata kucha. Nikasema, "Hapana. Humu zitabanwa kama dagaa." Nikaliona jingine limesimama kwenye kona, jeusi, linang'aa, usoni lina milango minne mikubwa imepangana kama nyumba ya kupangisha. Nikapima mlango. Hapo! Fundo limeingia na nafasi imebaki, kidole kimoja na kitu kila upande. Moyo wangu ukatulia kabisa.

"Hili hapa."

"Bibi, hiyo milango ya mbele ni ya sidii. Diski zinakaa ndani huku chini, na humu zinaingia mbili tu."

"Sidii si duara?"

"Ni duara."

"Na tundu hili ni la pembe nne?"

"La pembe nne, bibi."

"Basi unaniambia nini?"

Duka zima likacheka. Yule kijana akashika kichwa, akasema, "Dada, mama yako angekuwa wakili, watu wangefungwa wengi."

Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, lakini hili la kijivu ndilo lina vyumba vya diski."

"Fundi kasema vinne. Hesabu."

Akahesabu milango. Akanitazama usoni. Halafu akatoa pesa, na mie nikaona amekubali. Tukafungiwa kasha jeusi, nikalipakata njia nzima mpaka Kibiti kama mtoto mchanga, na kila aliyeuliza nikamweleza.

Jumanne fundi akaja kutoka Utete, na kesho yake asubuhi alitakiwa arudi. Akatandika shuka, akapanga vitu vyake, akafunga ubao, akafunga diski mbili kule chini. Ya tatu akaitia mlango wa mbele. Diski ikaingia, ikapita, ikaangukia kiganja chake upande wa pili. Akajaribu tena. Ikapita tena, haigusi kushoto wala kulia.

"Mama," akaniambia, taratibu, "diski haikai kama mtu mkekani. Inatakiwa ishikwe na skrubu mbavu zote mbili. Ndani yake kuna kisahani kinazunguka, ikitikisika inakufa na kila kilichomo. Hili kasha nani kachagua?"

Nikafungua mdomo. Mwanangu akawahi, "Tulichagua."

Tulichagua! Afadhali angenitukana. Nikakaa kwenye kigoda nikatazama lile sanduku la mikanda. Jumanne hiyo, kamera inaondoka Ijumaa, Kariakoo hatuwezi kwenda na kurudi fundi akiwa bado yupo. Diski mbili zingechukua nusu ya mikanda tu. Nusu nyingine ni harusi za nani? Za visiwani au za Mkongo? Ungeanza kuchagua harusi ya nani ife?

Nikasema, "Tuzifungie kanga. Tujaze pembeni mpaka zikae."

Fundi akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama, hii ikifanya kazi inapata moto. Uifunike kanga, unataka tuchome maharusi wote?"

"Basi tuziache nje, juu ya meza," akasema mwanangu, lakini wala hakuwa amemaliza kusema, kuku akapita juu ya shuka la fundi na kuondoka na skrubu mdomoni. Tukamkimbiza sote watatu. Ile skrubu alikuja kuitema nyuma ya choo.

Kule nyuma ya choo, wallahi, nimeinama naokota skrubu, ndipo ikanijia. Mkeka ukizidi sana, mtu unamwambia nini? Unamwambia apanue kitanda. Nikarudi ndani, nikatoa ukili wangu, nikapima upana wa ule mlango wa kasha, nikaondoa upana wa diski, kilichozidi nikakikunja katikati. Ile nusu ndiyo nafasi ya ubavu mmoja. Nikapiga fundo, nikatoka mbio na mtandio mkononi.

Seremala wetu wa jirani alikuwa anachonga matendegu.

"Nikatie vijiti vinne vya mkoko, upana fundo hili, urefu fundo lile. Mkoko mkavu, usinipe mti laini."

"Vitanda vya nani hivi, bibi? Vya watoto wa panya?"

"Vya diski."

"Zina uzito gani?"

"Zimebeba harusi za tarafa nzima."

"Basi tunahitaji mkoko mkavu kweli," akasema, akaweka matendegu ya watu pembeni, akaanza kukata.

Fundi alivigeuza vile vijiti, akavinusa hata, sijui alinusa nini. Akatoboa, akafunga viwili kwenye mbavu za diski, akasukuma ndani. Ikaingia kwa kusita, kama mguu kwenye kiatu kipya. Akatia skrubu za nje. Akatikisa. Kimya! Akafanya na ya nne. Akasema, "Tena huku mbele zitapata upepo vizuri. Nikifika Utete siwaambii wenzangu, hawataniamini." Ile mifuniko ya mbele iliyokuwa inang'aa akaitoa kabisa, kasha likabaki wazi mdomo kama kibogoyo.

Jenereta likawashwa Jumanne hiyo hiyo mchana. Mkanda wa saa moja unataka saa moja nzima, hauna haraka zako wala zangu. Mwanangu akikaa, mie napika. Mie nikikaa, yeye anaoga. Niliambiwa nitazame taa nyekundu tu, lakini nani atazame taa wakati shangazi zake wanacheza? Nimeziona harusi zote upya, na nimeona kwamba mie nilikuwa najipenda sana mbele ya kamera. Mikanda michache ilishindikana, ukungu ulishaila. Iliyobaki yote iliingia. Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri kamera ilikuwa njiani kwenda Ikwiriri, na mwanangu amelala chali sakafuni anacheka peke yake.

Jioni tukakaa tunakula, wali na samaki wa nazi. Akaniambia, "Mama, siku ile dukani mie nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba milango ile si ya diski. Lakini watu walikuwa wanacheka, na wewe umefurahi, na ukili wako mkononi. Nikaona nitakuvunjia heshima."

Nikaweka tonge chini. "Ungepoteza nusu ya mikanda kwa ajili hiyo?"

Akaanza kuchambua miba ya samaki. Nikamwambia, "Sikiliza. Tangu leo, nikikosea, niambie. Hata mbele ya watu."

"Hata mbele ya muuza duka?"

"Hata mbele ya imamu."

Akala matonge mawili, anawaza. Kisha akasema, "Basi mama, wali wako leo umezidi chumvi."

Nikaonja. Kweli, ilikuwa imezidi.