Salamu za Kambi ya Nne

Mlingoti wa kwanza ulianguka hata kabla hatujaufunga waya. Wa pili ulisimama, ila ulipinda kuelekea Itetemia, na fundi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam akasema basi, uachwe hivyo hivyo, mawimbi hayajali. Mabomba yake tuliyanunua kwa Mhindi wa vifaa vya ujenzi pale mjini, ambaye alituuliza kama tunajenga msikiti au kanisa. Tulipomwambia tunajenga redio alicheka sana, akatuongezea bolti nne za bure.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Shirika letu la mbao, mali ya umma, lilikuwa na kambi tano za kupasua magogo ndani ya misitu ya miombo. Ya karibu ilikuwa mbele kidogo ya Igalula. Ya mbali, wakati wa mvua, ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa gari. Msumeno ukikatika huko, mtu alipanda baiskeli na barua mfukoni. Ndipo ikaamuliwa kila kambi ipewe redio ya upepo, na Tabora mjini pawekwe kituo kikuu cha kuziita zote. Kituo hicho nilikabidhiwa mimi, binti wa mtaa wa Cheyo, niliyekuwa nimetoka kwenye meza ya kuunganisha simu. Huko nilisifiwa kwa wepesi, ingawa wako waliolalamika kwamba nawakatia kabla hawajaagana.

Fundi alinifundisha kwa wiki mbili. Nilijua kumwaga maji ya chumvi pale fimbo ya shaba ya mlingoti ilipozama ardhini, kupima betri, kubonyeza kitufe ninaposema, kukiachia ninaposikiliza, na kumaliza kila kauli kwa neno "ova", yaani sasa zamu yako. Njia ya hewani ilikuwa moja tu. Anayesema ni mmoja, na wengine wote wanasikia na kungoja zamu. Siku kambi ya kwanza ilipojibu, sauti ikitoka ndani ya mkwaruzo kama mtu anayetoka mtoni, nilisikia raha ambayo sijaipata tena katika kazi yoyote.

Raha hiyo ilidumu siku mbili. Tatizo lilikuwa salamu.

Mpokezi wa Kambi ya Nne alikuwa mzee wa Kinyamwezi, zamani karani wa mizani kwenye soko la asali, aliyechaguliwa kwa sababu alijua kusoma na sauti yake ilikuwa safi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza nimeamkaje, nyumbani wameamkaje, mvua ya mjini ikoje, mama anaendeleaje na miguu yake. Mimi nami ilinibidi niulize ya kwake. Kambi ya Pili wakasikia, wakaona si vizuri kupitwa, nao wakaingia na zao. Ilipofika zamu ya Kambi ya Tano, betri yao ilikuwa imekwisha. Na betri za kambini zilichajiwa na trekta, na trekta lilihitaji dizeli, na dizeli ndiyo niliyokuwa nataka kuwauliza.

Nikapiga taipu karatasi, nikaipeleka kambi zote kwa lori. Saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, kila kambi itaje magogo, mbao na dizeli, basi. Kati ya saa hizo redio zizimwe. Salamu hewani ni marufuku. Nililipigia mstari neno marufuku, nikajiona mtu wa maana sana.

"Karatasi yako nimeipata, mwanangu," mzee alisema siku ya kwanza. "Lakini mtu aulizwe dizeli kabla hajaulizwa afya? Ova."

"Kambi ya Nne, toa hesabu. Ova."

Akaitoa. Lakini wakati mwingine alijisahau na kuanza na neno la salamu, nami nilimkemea kila mara, wengine wakisikia. Kumkemea mtu wa umri wa baba yangu kulinipa aibu, na aibu ile niliigeuza kuwa ukali. Methali ya haraka na baraka nilikuwa naijua. Niliiona ni ya watu wasio na kazi.

Nilijua na jambo jingine, na hili ndilo lisilonipa udhuru. Babu yangu alikuwa mpagazi, akibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu. Alitusimulia kwamba msafara ukirudi, hata kama nusu ya watu wamekufa njiani, aliyeulizwa habari hujibu kwanza, "Njema." Hutua mzigo, akapewa maji, akaulizwa tena. Ndipo husema, "Ila." Hakuna anayemtupia mwenzake msiba mlangoni. Kwetu mpaka leo mgonjwa yuko kitandani atakuambia hajambo, kisha ukimpa nafasi atakuambia anaumwa nini.

Asubuhi moja ya masika niliita kambi kwa zamu. Ilipofika ya nne nikasema, "Toa hesabu. Ova."

"Hatujambo, mwanangu," mzee akajibu. "Ova."

Akaachia kitufe, akangoja nimuulize. Sauti yake haikuwa ya kawaida, nami niliisikia hivyo, lakini kilichonijaa kifuani kilikuwa hasira. Amerudia tena! Nikaandika kwenye daftari, "Kambi 4: hawajambo," kisha nikamwambia, "Nne, umevunja utaratibu. Nitakurudia saa kumi. Tano, toa hesabu. Ova."

Tano walipoanza, akaingilia kati, sauti mbili zikagongana, hata moja haikueleweka.

"Nne, toka hewani," nikasema.

Akatoka. Alikuwa mtu wa adabu, akiamriwa anatii.

Saa kumi hakungoja kuitwa, wala hakunisalimu. "Jana magharibi gogo la mninga liliviringika likampiga mpasuaji mmoja mguuni. Mfupa uko nje. Tunaomba gari. Ova."

"Kwa nini hukusema asubuhi? Ova."

"Niliambiwa nitoke hewani. Ova."

Land Rover iliondoka saa ile ile, ikanasa kwenye tope mara mbili. Mpasuaji alifika hospitali kesho yake mchana. Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari alimwambia meneja wetu kwamba kidonda kilikaa muda mrefu mno, na meneja akaja kituoni kulifungua daftari langu.

"Mtu amevunjika mguu, huyu mzee anasema hawajambo," alisema. "Ni mlevi?"

"Si mlevi, Ndugu Meneja."

"Basi ni mwongo. Hatufai."

Nikalifunga daftari. Wapokezi wa kambi zote walikuwa wamesikia kila neno asubuhi ile, ila hakuna aliyewauliza, na mwandiko wa daftari ulikuwa wangu. Niliogopa kunyang'anywa kituo. Nasema hivi bila kuzunguka, maana nimezunguka vya kutosha katika maisha yangu. Nilimwacha mzee abebe kosa langu kwa siku mbili nzima, na siku hizo nilikula na kulala vizuri kuliko nilivyostahili.

Siku ya pili jioni nilikwenda hospitali na chupa ya uji. Sijui nilitaka nini, labda nisamehewe bila kuomba. Mpasuaji alikuwa kijana wa rika langu, mkono wake mgumu kama gome. Blanketi lilikuwa limelala tambarare pale ambapo lilipaswa kuinuka.

"Habari za hapa?" nikamuuliza.

"Nzuri, dada."

Nilikaribia kusema haya, Mungu akuponye, niondoke. Badala yake nikavuta kibao, nikakaa. Nikangoja. Alitazama dari, akatazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Ila kidole gumba kinaniwasha," akasema. "Nikinyoosha mkono kukikuna, hakipo."

Nikakaa naye mpaka walipotutoa.

Asubuhi iliyofuata meneja alinikuta kituoni, akaweka karatasi mezani. Ilikuwa na mistari mitatu, niisome hewani kwa Kambi ya Nne. Mpokezi ameachishwa kazi kwa kutoa taarifa ya uongo, afungashe vitu vyake, lori la mbao litampitia. Akasimama nyuma yangu na bilauri yake ya chai, asikilize.

Niliita Moja, Mbili, Tatu. Walitoa hesabu upesi upesi, lakini nilijua hakuna aliyezima redio. Karatasi ilikuwa mbele yangu. Nilibonyeza kitufe.

"Kambi ya Nne, shikamoo baba. Ova."

Meneja alisogea, akasema, "Ndugu, soma." Sikugeuka.

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu hatimaye. "Habari za huko? Ova."

"Njema, baba," nikasema. Nilikiachia kitufe kama wafanyavyo watu wazima, nikangoja.

Naye aliijua kazi yake. Hakuharakisha. "Nyumbani hawajambo? Ova."

"Hawajambo. Ila siku ile ulikuja na habari ya majeruhi, mimi nikakufukuza mlangoni. Kosa si lako. Ni langu, na Ndugu Meneja yuko hapa ananisikia. Ova."

Bilauri iligusa meza nyuma yangu. Mkono wa meneja ulipita begani kwangu, ukaichukua ile karatasi. Sauti ya mzee ilikuja, safi, bila haraka.

"Nimekusikia, mwanangu. Pole. Sasa chukua kalamu, nikupe magogo. Ova."