Koti Lenye Mfuko wa Ndani

Cornelius Tuohy alitumikia jeshi la Waingereza miaka ishirini na mmoja, mingi yake kule India, na silaha yake ilikuwa sindano. Alikuwa mshona nguo wa kikosi. Alipostaafu alipewa nyumba ya mbao na ekari moja ya shamba pale Onehunga, New Zealand, yeye na wenzake waliozeekea jeshini. Chumba cha mbele akakifanya duka la kushona. Wale wazee, wengi wao Waayalandi kama yeye, walimtania wakipita: "Corney, leo umeua suruali ngapi?" Naye alijibu bila kuinua kichwa kwamba ameua mbili, ya tatu inakata roho.

Mkewe, Honora, alizaa watoto watano. Walioishi ni wawili, Malachy na Winifred. Malachy alikuwa na vidole vya baba yake, na uvivu ambao hakuna aliyejua kautoa wapi. Vita vya Waikato vilipoanza, Waingereza wakipigana na Wamaori wenyeji wa nchi ile, vijana wa mji waliandikishwa jeshini. Malachy hakutaka. Alikuwa na rafiki Mmaori ng'ambo ya ghuba, wamevua samaki pamoja tangu utotoni. Akamwambia baba yake kwamba hana ugomvi na watu wale, heri aende kwa mjomba wake Sydney mpaka vita vipite.

"Utakwenda vitani," Cornelius alimwambia. "Mkate wa jeshi ndio uliokulea. Usinitie aibu mbele ya watu."

"Haya, baba."

Honora alikuwa akimenya viazi. Akachukua kingine.

Malachy hakupigwa risasi. Alikufa kambini kwa kuhara damu, mwezi wa pili tu tangu aende, akazikwa huko huko. Afisa mmoja kijana alileta habari, akapewa chai, akaenda zake. Honora akaosha vikombe. Alingoja kilio kije, hakikuja. Alipika, akafua, akaenda misa. Majirani walimshika mkono, na mkono haukuhisi kitu. Cornelius naye alishona.

Baridi ilipoingia, jeshi lilileta marobota ya makoti makuukuu yatiwe viraka, wavae askari wapya. Honora ndiye aliyeyafungua. La nane au la tisa lilikuwa na mfuko wa ndani upande wa kushoto. Mengine hayakuwa nao. Ni yeye aliyeuomba ushonwe, mwanawe apate pa kuweka rozari. Ulikuwa mtupu. Akalipeleka kwa mumewe.

Cornelius aliupapasa mshono.

"Mkono wangu huu."

"Najua."

"Nilimlazimisha, Nora."

"Ulimlazimisha. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza."

Baadaye Cornelius akauliza kama walifiche. Honora akasema kuna mtoto wa mtu huko kambini anatetemeka. Basi Cornelius akalitia kiraka cha kiwiko, ila uzi ulimshinda kuutunga. Honora akamtungia.

Winifred aliolewa na mwendesha mashua, akahamia kaskazini. Mwaka uliofuata ng'ombe wa Honora na mumewe alikufa akizaa. Honora alikaa kwenye matope ya zizi akalia, siku ile na ya pili yake, hata majirani wakanong'ona: mwana hakumlilia, anamlilia ng'ombe. Cornelius alifunga duka katikati ya asubuhi, akaenda kuketi kando yake, hapo hapo matopeni, na suruali yake ya kanisani. Hakumwambia anyamaze.