Mashine Iliyoachwa kama Koti

Mume wangu alizikwa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1995, nyumbani kwao karibu na ziwa. Kabla ya matanga kwisha, wazee wa ukoo waliniita wakanijulisha kwamba ndugu yake mdogo alikuwa tayari kunirithi. Nilijibu kwamba nimesikia. Jibu hilo si ndiyo wala si la, na wazee walilipokea kwa subira iliyonitia wasiwasi kuliko ambavyo hasira ingenitia.

Tarehe 2 Januari 1996 nilihama Gatwekera, Kibera, nikapanga chumba Kawangware kwa sababu moja: kilikuwa na stima. Nilikuwa nimeanza masomo nikiwa mtu mzima, nikijiandaa kwa mtihani wa darasa la nane, na koroboi ilikuwa imenichosha macho. Televisheni ndogo ya marehemu, ambayo Kibera tuliitazama kwa betri ya gari, sasa ilitumia umeme wa ukutani. Binti yangu wa miaka kumi na miwili alifurahia televisheni. Mimi nilifurahia balbu.

Jumatano, tarehe 7 Februari, shemeji yangu alifika na mfuko. Alikuwa fundi wa redio mwenye kibanda katika mtaa wa Raila, Kibera. Alitoa mashine ya gemu, kaseti ya njano na pedi mbili zenye vitufe, akaviunganisha na televisheni bila kuomba ruhusa.

"Hii ni mtoto achangamke, shem. Nyumba imenyamaza sana."

"Na itarudi lini?"

"Irudi wapi? Si hapa ni kwetu?"

Sikulipenda neno hilo, "kwetu". Katika desturi yetu, mrithi anaweza kutundika koti lake katika nyumba ya mjane, na koti likilala humo, jambo limekwisha. Si lazima mwenyewe alale. Kwa hiyo nilikuwa nimejihadhari na makoti. Kila alipozuru nilimsihi asivue lake, nikisingizia baridi ya sakafu ya saruji. Sikuwa nimejihadhari na mashine. Usiku ule ililala juu ya meza yangu ya kusomea, waya wake umening'inia kama mkono wa koti.

Tangu siku hiyo alikuja karibu kila jioni. Gemu lenyewe lilikuwa la mtu mdogo mwenye joho la kijani, anayepita ndani ya ngome, chumba baada ya chumba. Alipewa maisha matatu. Yakiisha, anarudishwa mlangoni kabisa, hata kama alikuwa amefika mbali namna gani, na hakuna alama yoyote inayobaki ya kazi aliyoifanya. Katika chumba cha tano palikuwa na daraja la mbao zinazodondoka na kunguru anayeruka kutoka kulia. Hapo ndipo shemeji alipoanguka kila mara.

"Nikivuka hili daraja tu, shem, mtanisahau hapa," alisema huku akianza upya. "Sasa naachaje vita katikati?"

Vitabu vyangu vilikaa kitandani. Mferejini, jirani yangu aliniuliza kama yule bwana wa jioni anapenda televisheni au anapenda mwenye televisheni.

"Ni shemeji," nikamjibu.

"Wote huanza wakiwa mashemeji," akasema, akajitwika ndoo yake.

Nilitafakari. Kumfukuza ndugu wa marehemu kwa sababu ya mchezo wa mtoto kungenifanya mimi niwe mkosaji mbele ya ukoo. Lakini kama daraja ndilo lililokuwa udhuru wake, daraja lingeweza kuondolewa. Nilikuwa nikimaliza kuuza uji kabla ya saa nne asubuhi. Mwanzoni mwa Machi nilifunga mlango, nikashika pedi.

Sitaficha kwamba mashine ile ilinidhalilisha. Nilikufa katika chumba cha kwanza, kwa popo ambaye hata binti yangu alimpita akila mkate. Alipokuja nyumbani kwa chakula cha mchana alinikuta nimekunja uso.

"Mama, umekufa tena?"

"Imeona kidole changu kabla sijabonyeza."

"Haikuoni, mama. Haina macho."

Sikumwamini. Nilishuku kwamba ndani yake kulikuwa na hila, kwamba ilingoja nipate matumaini ndipo inipige. Niliizima nikiapa kwamba sitairudia, na kesho yake, kabla hata sufuria ya uji haijapoa, nilikuwa nimeketi mbele yake. Kilichonirudisha si furaha. Ni kwamba nilikuwa nimeanza kuifumania katika ukweli. Popo alitokea palepale. Mnyororo wa chumba cha nne ulibembea vilevile, leo kama jana. Ilikuwa katili, ila haikubadilisha neno lake, na katika mwaka ule sikumjua mtu mwingine ambaye ningeweza kumsemea hivyo. Mikono ikajifunza kile ambacho hasira ilikuwa imekataa kujifunza. Kunguru, niligundua, humjia anayesita tu. Ukikimbia bila kusimama, hupita nyuma yako.

Nililivuka daraja Ijumaa, tarehe 12 Aprili. Nilikaa nimeshika pedi, nikiwa katika chumba cha sita nisichokijua, nikauawa mara moja. Sikumwambia mtu, hata binti yangu.

Jioni ile sikutazama kioo cha televisheni. Nilitazama mikono ya shemeji. Katika chumba cha nne, penye mnyororo ulioniliza wiki mbili, alipita akisimulia bei ya nyaya, macho yake yakiwa kwenye kikombe cha chai. Kisha tulipofika darajani, kidole gumba chake kikainuka kutoka kwenye kitufe. Hakikuteleza wala hakikuchelewa. Kilipumzika. Mtu anayekosea huhangaika; mkono wake hukimbilia kitufe baada ya wakati kupita, kama wangu ulivyofanya mara zisizohesabika. Wake ulitulia ukingoja kunguru, kama abiria anayemjua utingo.

"Aii, nimekufa," akasema. "Kesho tena."

Jumapili, tarehe 21 Aprili, alikuja na mzee wa ukoo, ami yake anayeishi mtaa wa Ayany, Kibera, ili mzee aone jinsi tunavyoishi vizuri. Hivyo ndivyo alivyosema. Mzee alikunywa chai, akaangalia meza, mashine, waya.

"Hiki ni kitu cha nani?"

"Changu, ami," akajibu shemeji upesi. "Kinakaa hapa."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa koti. Shemeji akamchezea hadi darajani, akaanguka, akaeleza kwamba hakuna binadamu aliyewahi kupita pale, na kwamba hatapumzika hadi apite.

"Nipe," nikasema.

"Shem, hii si mwiko wa ugali."

"Nipe tu."

Nilianza mlangoni, nikavipita vyumba vinne bila kupoteza maisha hata moja. Darajani sikusimama. Mbao zikadondoka nyuma yangu, kunguru akapita patupu. Mzee akamgeukia shemeji.

"Kumbe panapitika."

"Alibahatisha."

"Ulikuwa ukijiangusha," nikamwambia, "na udhuru wako umekwisha mbele ya ami yako. Beba kitu chako."

Mzee aliweka kikombe chini. "Mwanamke amesema. Mashine isilale hapa."

Mtu wangu mdogo alikuwa bado amesimama mlangoni mwa chumba cha sita, hai, na maisha yote matatu. Binti yangu alinong'ona kwamba niendelee kidogo tu, tuone kuna nini mbele. Nilitamani hivyo kuliko alivyojua. Lakini kama ningebonyeza kitufe kimoja zaidi, shemeji angevuta kiti. Nilichomoa waya mimi mwenyewe, nikauzungusha, nikautia katika mfuko pamoja na mashine, pedi na kaseti ya njano, nikamkabidhi shemeji. Ngome ile ina vyumba vingapi sijui hadi leo, na sikuwahi kumuuliza.